Ruhusa ya dini sawa, lakini bili analipa nani?

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, jioni, niko jikoni nageuza mahamri ya oda ya mtu, simu ikalia. Nikachungulia kwa jicho moja. Kaka wa Voi. Hakuandika salamu wala nini, katuma linki tu ya habari: Mahakama ya Juu ya Kenya imeamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na babake ni Muislamu ana haki ya kurithi kwa babake. Mahamri matatu yakaungua hapo hapo.

Kaka wa Voi ndo jina tulilomkuta nalo. Babangu alikuwa akifanya kazi reli, na mwisho mwisho wa miaka ya sabini kazi ilimuweka Voi, akazaa na mama mmoja wa Kitaita, nikaha hakuna. Hio ni 1979. Miaka miwili baadae akarudi Mombasa akamuoa mamangu, tukazaliwa sisi watano, wavulana wawili wasichana watatu. Baba hakumficha yule mtoto, hilo nimpe haki yake. Alimlipia skuli, Idd alikuwa akija anashonewa kanzu kama sisi, na alipokuwa form two akasilimu mwenyewe bila kushurutishwa na mtu, baba akachinja mbuzi mzima. Ni kaka. Lakini lile neno la mwanaharamu lilikuwa linatembea nyuma ya mapazia, na sisi watoto tulilijua kabla hatujajua maana yake.

Baba akafariki 2011. Alichoacha kikubwa ni nyumba ya Kiswahili huko Kisauni, vyumba vinane, vinne huku vinne kule na ukumbi katikati, ardhi yenyewe ni ya mtu mwengine tunamlipa kila mwezi, wa Mombasa mnaelewa hayo mambo ya nyumba bila ardhi, sitaki kuyaingia leo ntachukua siku mbili. Tukaenda kwa kadhi. Na hesabu ya faraidhi, ule mgawo wa mirathi wa Kiislamu, ilivotoka utadhani baba alijenga huku ameshika karatasi ya mirathi: mke thumni, ile moja ya nane, yaani chumba kimoja, watoto wa kiume vyumba viwili viwili, watoto wa kike chumba kimoja kimoja. Jumla vinane. Hakuna hata dirisha lililobaki la kugombaniwa. Ami yangu akasema mnaona uzuri wa dini, na kweli tuliona, mimi nililia.

Kaka wa Voi siku hio alikuwa amekaa barazani. Jina lake halikutajwa kwenye faili. Hakuulizwa na yeye hakuuliza.

Sasa ndo nataka kuandika hili jambo ambalo limenikaa kooni tangu ile linki, manake kila mtu nnayemsikia yuko upande mmoja kamili. Kwenye grupu za familia ni laana kwa majaji, Waislamu tumeingiliwa. Kwenye grupu ya kazini ambayo wengi ni watu wa bara ni pongezi tupu, ati mwishowe hawa nao wamefikiwa na katiba. Mimi niko katikati na sio katikati ile ya kuogopa kusema. Nina la kusema.

Kwanza hawa wa pongezi. Nyinyi mnafikiri mahakama za kadhi ni zawadi tuliyopewa juzi. Pwani hii, ule ukanda wa maili kumi, ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, Muingereza tangu 1895 alikuwa akiiendesha tu kwa makubaliano. Uhuru ulipokaribia ikabidi watu wakae chini, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta akiwa waziri mkuu akaandikiana barua na mwenzake wa Zanzibar, Mohammed Shamte: pwani iingie Kenya, na makadhi wabaki. Kwa hivyo hii ruhusa yetu ilikuwa sehemu ya bei. Mtu akiuza ng'ombe kwa sharti kwamba maziwa ya Ijumaa ni yake, huwezi kuja miaka sitini baadae ukasema kwani huyu anakuja kuiba maziwa.

Halafu ikaja sheria ya urithi, ile iliyopitishwa 1972 ikaanza kazi 1981, ya kuwafunga Wakenya wote kamba moja. Waislamu wakakataa, wakapiga kelele karibu miaka kumi, mpaka 1990 Bunge likaongeza kipengele kwamba Muislamu akifariki mali yake igawanywe kisheria ya Kiislamu. Tena 2010 wakati wa katiba mpya viongozi wengi wa makanisa walikuwa wanaipinga rasimu, na moja ya sababu zao kubwa ni hizi mahakama za kadhi, na Mei mwaka huo Mahakama Kuu Nairobi ikaamua kwamba kuwa na kadhi kwenye katiba ya zamani hakuendani na nchi isiyo na dini rasmi. Sisi huku roho juu. Nakumbuka foleni ya kura ya Agosti 4, nyanya za watu wamebebwa kwa viti kwenda kupiga kura ya ndio. Ikapita na asilimia kama 67, kadhi akabaki kwenye kifungu cha 170, na kwenye kifungu cha 24 kukawekwa mstari mmoja ambao ndio mzizi wa makala yangu yote: kwamba zile haki za usawa zitalegezwa, kwa kadiri inayohitajika kabisa, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi, kwa wanaofuata Uislamu, kwenye mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi.

Soma tena pole pole. Katiba ile ile inayosema watu wote ni sawa, inasema ila hapa. Sio uchochoro waliosahau kuuziba, waliandika wakijua. Basi ukimwambia Muislamu wa Mombasa kwamba majaji wamekuja kugusa hapo, usimshangae akihisi kama ameuziwa kitu kisha muuzaji akarudi usiku.

Lakini.

Katiba hio hio ina maneno mawili mazito. Moja ni hilo la kadiri inayohitajika kabisa. La pili liko kule kwa kadhi kwenyewe, kifungu cha 170: kadhi anasikiza kesi ambayo pande zote ni Waislamu NA wamekubali mahakama yake. Nimeandika hio NA kwa herufi kubwa kwa sababu nusu ya watu wananukuu kifungu wanaishia hapo kwenye Waislamu. Uislamu wako peke yake hautoshi, ukubali pia. Mlango upo, na unaingia kwa miguu yako mwenyewe.

Wacha nitoke kwa mirathi kidogo niende skuli, mtaona kwa nini.

Mimi nilisoma bweni, bara, skuli ya serikali lakini mfadhili ni kanisa, siitaji jina. Tuliingia wasichana wa Kiislamu kumi na moja. Siku ya kwanza mwalimu wa zamu akatwambia hapa hamna vitambaa vya kichwa, yunifomu ni yunifomu, na Jumapili wote kanisani, ukikataa kuna shamba la kulima. Miaka minne nikaimba nyimbo za kanisa mpaka leo nazijua kuliko baadhi ya majirani zangu Wakristo. Sikuumia sana wakati huo, nilikuwa mtoto, nilichotaka ni kupita mtihani. Kilichonikera ni lile jibu walilokuwa nalo kila tukiomba: tukiwaruhusu nyinyi tutakuwa tumewabagua wengine.

Jibu hilo hilo nikalikuta tena ukubwani kwenye kesi ya Isiolo. Skuli ya St Paul's Kiwanjani, kanisa la Methodist ndo mfadhili. 2014 naibu gavana wa kaunti akaomba wasichana wa Kiislamu waruhusiwe hijabu na suruali nyeupe, vurugu likazuka, kanisa likaenda kortini likisema hayo ni mapendeleo kwa upande mmoja, wanafunzi wengine watajiona wametengwa. Mahakama Kuu Meru, 2015, ikakubaliana na kanisa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikapindua, na hoja yake kwangu mimi ilikuwa kama maji baridi mchana wa Ramadhani kwenye ndoto: kanuni moja kwa wote yaweza kuwa ubaguzi pia, kama inamuumiza mmoja na mwengine haimgusi hata kidogo. Kuwavalisha wote sare moja kunaonekana usawa kwa yule ambaye sare imeshonwa kwa kipimo chake.

Basi tukashangilia. Halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ule uamuzi, na sio kwa sababu hijabu ni haramu skuli, ni kwa sababu yale maombi ya hijabu hayakuletwa kortini kwa njia sawa kuanzia mwanzo, anayetaka aanze upya Mahakama Kuu. Jaji mmoja, Ojwang, hakukubaliana na wenzake. Yaani miaka mitano ya kesi, wasichana waliokuwa form one wameshamaliza skuli, wengine bila shaka wameshaolewa, na jibu ni rudini mkajaze fomu vizuri. Mimi na sheria tunapendana hivyo hivyo, kwa mbali.

Wasabato walibahatika zaidi, 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema watoto wao wasilazimishwe masomo na mitihani Jumamosi. Na Septemba 2019 Mahakama Kuu Nairobi ikasema Urasta ni dini kama dini nyengine, msichana aliyefukuzwa skuli Kibra kwa ajili ya rasta zake arudi darasani na nywele zake. Tanzania nao, 2013, Mahakama ya Rufaa iliwarudishia haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mimi siamini chochote kati ya wanachoamini hao wote. Lakini kesi zote hizo nilizifurahia, na nikawa najiuliza kwa nini zinanikalia sawa rohoni na ile ya mirathi inanikwaruza.

Ikanijia siku moja niko kwa matatu, foleni ya Nyali, hakuna hewa. Ukienda hotelini na wenzako, mmoja akaagiza samaki wa kupaka ya nguvu, hakuna anayemuuliza kwa nini unakula samaki. Swali ni bili ikija analipa nani. Yule msichana wa hijabu, ruhusa anajiombea mwenyewe na kichwa ni chake, mwenzake wa dawati la pili hapungukiwi hata na shilingi. Msabato asipokuja Jumamosi kuna kausumbufu, mwalimu abadilishe ratiba, haya, tunaweza kuchangia. Lakini ukiwaangalia wale wa Colorado huko Marekani, muokaji aliyekataa kuwatengenezea keki ya harusi wanaume wawili kwa ajili ya dini yake, kesi ikafika mpaka mahakama yao ya juu kabisa 2018, muokaji akashinda saba kwa wawili ila kwa kasababu kadogo, kwamba tume ya jimbo haikuiheshimu dini yake ilipomsikiza, swali lenyewe likaachwa linaning'inia. Pale imani ni ya mwenye duka, bili kapelekewa mteja. Unaweza kumuunga mkono muokaji au ukampinga, lakini usiniambie ni sawa na kitambaa cha kichwa.

Na bili ikizidi inakuwa maiti. Tuko pwani, sina haja ya kuwahadithia Shakahola, Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa msituni, ya wafuasi wa mhubiri Mackenzie wanaosemekana walifunga mpaka kufa, na wengi walikuwa watoto. Watoto hawakufunga ile saumu kwa imani yao. Uhuru wa kuabudu ulikuwa wa mkubwa, njaa ikawa ya mtoto. Najua huo ni mfano wa mbali sana na chumba cha Kisauni na sitaki mtu aseme nimelinganisha faraidhi na Mackenzie, hasha. Nasema tu swali la bili linafika mpaka huko.

Sasa turudi nyumbani.

Ruhusa ya kifungu cha 24, mimi binti wa marehemu nikikubali kupata nusu ya ndugu yangu, bili naibeba mimi na nimeikubali, nilikwenda kwa kadhi kwa miguu yangu na buibui langu na nikaweka sahihi. Wako wanaonionea huruma, asanteni, sijawatuma. Lakini yule aliyekaa barazani? Yeye ruhusa ya dini yetu imemgharimu vyote. Hakukosea yeye, aliyekosea ni babangu Mungu amrehemu, na babangu hakupungukiwa na kitu.

Ami yangu nlimwendea na hoja hii. Ami ni mtu wa kitabu, miaka themanini na kitu, ukienda kwake lazima ukae, unywe kahawa, uulizwe habari za watoto mmoja mmoja ndo uanze. Nikamuliza, ami, huyu kijana ana kosa gani? Akanijibu taratibu, "Mwanangu, hana kosa. Lakini Mtume kasema mtoto ni wa firashi, yaani wa kitanda cha ndoa. Nasaba haiji ila kwa nikaha, na mirathi haiji ila kwa nasaba. Mimi nikaongeze nini hapo?" Nikamwambia mbona kuna wanavyuoni kama Ibn Taymiyya waliosema baba akimkiri mtoto, na mamake hakuwa mke wa mtu, nasaba yathibiti? Akacheka. "Ushaanza kusoma usiku. Sisi pwani tunafuata madhehebu ya Shafii." Kisha akanyamaza, akasema neno ambalo nusura nidondoshe kikombe: "Babako nilimwambia. Nilimwambia andika wasia, thuluthi yako unampa umtakaye asiyekuwa mrithi. Au mpe hiba chumba ungali hai. Akasema ntafanya, ntafanya."

Hapo ndo nikajua ugomvi wangu uko wapi hasa. Dini yenyewe imeacha mlango: mtoto asiyerithi anaweza kuusiwa mpaka thuluthi ya mali, na baba akiwa hai anaweza kumpa anachotaka. Thuluthi ya vyumba vinane ni zaidi ya viwili na nusu. Kaka wa Voi angepata kuliko mimi, kihalali, na hakuna jaji angeitwa. Ni wanaume wangapi pwani hii wana watoto Voi, Mtwapa, Malindi, na hawajaandika hata mstari? Halafu wakifa tunasema sheria ya Mungu ndo imemnyima mtoto. Sheria ya Mungu imesingiziwa uvivu wa mtu.

Kuhusu kesi yenyewe, ile ya linki, nimeisoma sio kwa kudonoa. Ni mirathi ya mtu wa Mombasa, mke wa ndoa upande mmoja, upande wa pili wanawake ambao ndoa zao zilikuwa na utata na watoto wao. Majina yao yako magazetini, mimi siyaandiki, msiba wa watu. Mahakama ya Rufaa 2023 iliwapa watoto haki, Mahakama ya Juu ikasema ndio, kumtenga mtoto kwa sababu tu ya jinsi wazazi wake walivyokutana ni ubaguzi na ile ruhusa ya kifungu cha 24 haifiki huko, ni ruhusa nyembamba. Na kifungu cha 53 kinasema mtoto alelewe na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la.

Kwa matokeo, mimi nakubali. Kwa njia waliyopita, nina kijiba. Jaji wa Nairobi kukaa kuamua ni kipande kipi cha mirathi ya Kiislamu ndo kinahitajika kabisa na kipi kinaweza kukatwa kidini kibaki kizima, hio kazi siipendi, manake leo kakata panaponifaa, kesho? Hilo ndo watu wa mtaani wanaliogopa, na ukiwasikiliza bila kuwadharau utasikia hawaongei kuhusu watoto wa nje kabisa, wanaongea kuhusu kesho: watakuja kwenye mbili kwa moja, watakuja kwenye eda, watakuja kwenye kadhi mwenyewe. Mimi ningeona afadhali wangeegemea ile NA. Upande mmoja haukukubali sheria ya kadhi? Basi kwa huyo ruhusa haifanyi kazi, fungu lake litafutwe kwa sheria ya nchi, na fiqhi, sheria yetu ya Kiislamu, iachwe ilivo kwa walioichagua. Najua mawakili watanicheka, watasema mali ni moja huwezi kuikata kwa visu viwili, na sheria ya 1990 inaangalia dini ya maiti, haiangalii ya walio hai. Sawa. Lakini ndo penyewe pa kutengeneza, Bungeni, na sisi wenyewe tukiwemo mezani, kuliko kila mara kungoja msiba ufike Nairobi.

Tena msinitajie kwamba mtoto hawezi kukubali au kukataa. Ndo hoja yangu hio. Asiyeweza kukubali hafai kuandikiwa bili.

Haya, nimesema sana ya watu, nihesabu yangu. Manake ni rahisi kuwa na huruma kama chumba sio chako. Nilikaa na karatasi. Tukimuingiza kaka wa Voi kama mtoto wa kiume kamili, mama thumni yake iko pale pale, kinachobaki kinagawanywa mafungu tisa badala ya saba. Mimi chumba changu kinakuwa sehemu saba katika tisa za chumba. Ndugu zangu wa kiume kila mmoja anatoka vyumba viwili anakuja kimoja na nusu na kidogo. Yaani kumtambua ndugu yetu kunanigharimu mimi kipande cha ukuta na nusu dirisha. Chumba changu kodi yake ni elfu tatu na mia tano kwa mwezi, piga mwenyewe, haifiki mia nane ya kupungua. Nimewahi kununua leso kwa zaidi ya hapo na sikuivaa.

Nikampelekea mamangu ile karatasi. Mama hasomi miwani isipokuwepo, na miwani haipatikani kamwe, kwa hivyo nikamsomea. Akasikiza mpaka mwisho, akasema, "Kwani nyinyi mlidhani kodi ya chumba changu inakwenda wapi?"

Sikuelewa. Akanionyesha simu. Kila tarehe tano, M-Pesa, Voi. Tangu 2012. Ile thumni yake, haki yake aliyopewa na Mungu na kadhi, hajawahi kuila hata mwezi mmoja, na hajamwambia mtu. Mimi nlikuwa namnunulia mchele nikimuonea huruma kwamba kodi ya Kisauni haimtoshi. Nikamuuliza kwa nini hukutwambia, akasema mngenizuia. Nikamuuliza tena, lakini mama, huyu ni mtoto wa mwanamke mwengine. Akaniangalia vile anavyoniangalia nikiweka chumvi mara mbili. "Baba yenu alimshonea kanzu mara ngapi?" Akaendelea kuchambua mchicha.

Basi usiku nikamjibu kaka wa Voi, ile linki yake ilikuwa imekaa bila jibu siku tisa. Nikamwandikia njoo, tukae sote tuhesabu vyumba. Akasoma. Alama za buluu zikatokea, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho ikaja moja: "Kwa kadhi au kwa serikali?"

Nikamwambia hilo ni lako kuchagua, mara hii wewe ndo unaulizwa.

Kisha nikaweka habari kwenye grupu yetu ya watoto watano. Dada zangu wawili wakasema sawa, mmoja kwa kidole gumba tu lakini sawa ni sawa. Mdogo wetu wa kiume akauliza kama mahakama inaweza kufungua upya jambo la 2011, na hilo ni swali la wakili, nimeshamtafuta. Kaka yetu mkubwa aliyeko Doha akatuma sauti ya dakika sita na sekunde arobaini. Nimesikiza mbili za mwanzo.